Ndege Inayoujua Mkono wa Mzee Harpreet

Saa tatu asubuhi jua la Nakuru linaingia kwa dirisha moja tu la chumba cha nyuma, na linaingia likiwa limebeba vumbi. Namalwa amekaa chini yake kwenye kigoda. Mapajani ana jostiki, ule mkono wa kuendeshea ndege za kompyuta, na ameifungua tumbo.

Anapangusa ndani kwa pamba yenye spiriti, polepole, kama mtu anayemsafisha mtoto sikio. Anadondosha tone la mafuta ya cherehani. Anaifunga skrubu, anaichomeka kwa kompyuta, na kwenye kioo msalaba mdogo mweusi unatokea ndani ya kisanduku cheupe. Unatetemeka.

Anauangalia tu. Msalaba unatulia.

"Sasa imelala," anasema. "Jostiki ikilala vizuri, ndege nayo inatulia hewani. Hii ikikataa kulala, hata uwe rubani wa wapi, utaanguka."

Nje, upande wa barabara, kuna duka la vipuri vya magari. Nyuma yake kuna kompyuta za intaneti za watu wanaotafuta kazi na wanaoandikia ndugu zao walio mbali. Halafu kuna pazia la buluu, na nyuma ya pazia ndipo zilipo ndege: kompyuta tatu, viti vitatu, na ukutani picha ya mawingu ambayo imeanza kubabuka.

Watu huja hapa kupigana vita vya angani vya zamani, kwa zile ndege zenye panga la kuzunguka puani. Kazi ya Namalwa ni kuwapangia mikono. Kitufe gani kipige risasi, kipi kishushe magurudumu, jostiki iwe ngumu ama laini, ndege ikimbilie mkono ama iusubiri.

Ana miaka ishirini na sita. Alizaliwa hapa mjini, kwenye nyumba za reli, ambako babu yake alifika kutoka upande wa Kimilili kuja kutia mabehewa mafuta. Alianza hapa akipiga deki. Mwenye duka, Sunny, alimkuta siku moja ameacha ufagio, ametulia anaangalia jostiki ikitikisika yenyewe mezani, na badala ya kumgombeza akavuta kiti akamwonyesha vile inavyofunguliwa. Mshahara unamtosha kodi ya chumba Kaloleni na mboga, na mwezi mzuri anamtumia mdogo wake kitu cha shule.

Ndege yenyewe hajawahi kupanda.

"Lakini mikono nimeiona mingi," anasema. "Kila mkono una tabia yake."

Mkono wa Maxwel, kijana anayesomea uhasibu, hauna subira, kwa hivyo yake ameiongezea springi ili imkatalie kidogo. Kuna dereva wa lori la maua anayekuja mwisho wa mwezi kutoka Kamere. Huyo amezoea gia. Kitu chepesi kinampotea mkononi, basi Namalwa alimvalishia jostiki raba ya mpini wa baiskeli, na dereva akasema sasa ameshika kitu cha mtu mzima.

Januari, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika mjini, duka lilifungwa. Mji ulinuka moshi, watu wakalala uwanja wa maonyesho, na wakati pazia la buluu lilipofunguliwa tena, viti vilikaa bure siku nyingi. Wengine waliokuwa wakija hawajarudi hadi leo. Namalwa hufuta vumbi kwenye viti vyao kama kawaida.

Mwezi huo huo, nyumbani kwa Sunny, baba yake aliamka asubuhi upande wa kulia ukiwa umekufa ganzi.

Mzee Harpreet Singh alikuwa rubani wa kunyunyizia ngano dawa. Miaka mingi alipita chini chini juu ya mashamba ya Njoro na Mau Narok, na mwenyewe husimulia kwamba asubuhi, kabla upepo haujaamka, kivuli cha ndege yake kilikuwa kikikimbia mbele yake juu ya ngano mpaka akadhani ni mnyama anamfuata. Mguu ulirudi. Maneno yalirudi, ingawa yanakuja taratibu. Mkono wa kulia ndio uliobaki nyuma, umejikunja kifuani kama unaona baridi.

Hospitali walimwambia mkono huo usipotumika kila siku, vidole vitakunjika visikunjuke tena. Wakampa mpira laini wa kufinya.

Mpira alimpa mbwa.

"Alisema mpira ni wa watoto," anasema Sunny. "Nikamwambia Namalwa, mimi sitaki alenge shabaha. Nataka tu ashike kitu."

Basi mvua za Machi zilipoanza, mzee akaletwa. Alivuka pazia akiwa ameshikilia bega la mwanawe, akaangalia mawingu yaliyobabuka ukutani, akauliza kama mvua imepita humu ndani pia. Namalwa alicheka, na kiti akakivuta karibu.

Jambo la kwanza mzee alitaka risasi ziondolewe.

"Hiyo ya kupiga, toa," alimwambia. "Risasi tumesikia za kutosha mwaka huu."

Namalwa akafikiria. Kitufe hakiwezi kukaa bila kazi, kidole kitakitafuta tu. Akakipa kazi ya moshi, ule moshi mweupe ambao ndege hutoa nyuma zikifanya maonyesho. Mzee akibonyeza, mstari mweupe unalala juu ya mashamba ya kwenye kioo, kama dawa juu ya ngano. Maxwel alipoona hivyo hakujizuia.

"Mzee, adui yuko nyuma yako, na wewe unamwaga dawa?"

"Yeye pia ni mdudu," mzee akajibu, bila kugeuka.

Tatizo halikuwa adui. Tatizo lilikuwa kwamba ndege haikukubali kukaa hewani. Mzee akishika tu, pua inapanda, bawa la kushoto linalala, na baada ya muda inaanguka kama gunia la viazi kutoka kwenye lori. Namalwa alifungua jostiki, akasafisha, akaifunga. Akaipangia katikati upya vile alivyofundishwa, na sheria ya kupanga katikati ni moja: usiguse. Unaachilia jostiki isimame yenyewe, msalaba ukitulia unabonyeza, na kompyuta inajua hapo ndipo katikati.

Alifanya hivyo kila mzee alipokuja, na kila alipokuja ndege ilianguka kushoto. Siku moja mzee aliinuka kabla ya wakati wake. Alisema mashine ya fundi imelewa, na kwamba yeye hajawahi kuanguka miaka yote hiyo, sasa anaangushwa na plastiki. Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata pia hakuja. Sunny alisema nyumbani mkono umerudi kifuani, na kwamba mama yake sasa ndiye anayemvunjia chapati.

Namalwa anasema siku hizo hakulaumu mtu. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha mzee, anaweka mkono wake wa kulia kwenye jostiki na kujaribu kukumbuka alichokuwa akikiona: kiwiko kinachovutwa mbavuni, kifundo kinachopinda ndani. Aliuacha mkono wake ulegee hivyo, mzito, bila kusukuma popote. Kwenye kioo, ndege ikainua pua na kulalia kushoto.

"Ndiyo nikaona," anasema. "Mzee hakuwa akivuta. Alikuwa amepumzika. Mkono wake ukipumzika, unapumzikia hapo. Na mimi kila siku nampangia katikati ya plastiki."

Alimwomba Sunny amlete mzee mara moja tu, akikataa basi. Mzee akaja, uso umefungwa. Namalwa hakumweleza mengi. Alimwambia aweke mkono kwenye jostiki, afunge macho, na asirushe chochote.

"Nifanye nini sasa?" mzee akauliza.

"Usifanye kitu, mzee. Fikiria ile ngano."

Akafikiria. Hata Maxwel aliacha kubonyeza. Msalaba mweusi ulikuwa mbali na katikati ya kisanduku, kule chini upande wa kushoto, ukitetemeka kama jani. Namalwa akauangalia muda mrefu. Pumzi ya mzee ilipotulia, msalaba nao ukatulia, na hapo, mkono ukiwa juu ya jostiki, kinyume na alivyofundishwa, akabonyeza, kisha akaiachilia ndege hewani.

Mzee alipofumbua macho ndege ilikuwa ikienda moja kwa moja juu ya mashamba, chini chini, na kivuli chake mbele. Alilipita shamba lote. Akageuka mwishoni polepole, akarudi na mstari mwingine wa moshi kando ya ule wa kwanza, sawasawa, bila kuacha nafasi katikati. Aliendelea hivyo mpaka wateja wawili waliokuwa wakingoja zamu wakasahau kungoja.

Akiondoa mkono, ndege inaanguka kulia. Mtu mwingine hawezi kuirusha. Maxwel alijaribu mara moja na kutumbukia ziwani papo hapo, mzee akamwuliza kama amekwenda kunywesha flamingo maji.

Tangu hapo anakuja kila Jumatatu, wakati duka limetulia. Na duka likitulia hivyo, ndege yake ikipita, mtu aliye upande wa pili wa pazia anasikia mngurumo mdogo tu, kama wa nyuki walio mbali, anaendelea kuandika barua zake.

Halafu, mwanzoni mwa mwezi huu wa Juni, asubuhi ya baridi ile inayoteremka kutoka Molo, mzee alishika jostiki yake akakunja uso. Mistari ya moshi ilikuwa ikipinda. Alirekebisha, ikapinda tena. Akamwita Namalwa kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Fundi, imeharibika. Inaenda kulia."

Sunny alikuwa amesimama penye pazia. Anasema alidhani ni ugonjwa umerudi. Namalwa aliinama, akaangalia nyaya. Akaangalia springi. Hakuna aliyegusa kitu. Akageuza macho kwa mkono wenyewe, akauangalia kwa muda hata mzee akamwuliza kama anauhesabu vidole.

Mkono haukuwa umelala tena. Kiwiko kilikuwa kimeachana na mbavu. Akafungua kile kisanduku cheupe kwenye kioo, na msalaba ulikuwa umesogea, kidogo sana, kutoka pale chini kushoto kuelekea katikati.

"Mzee," Namalwa akasema, "si jostiki. Ni wewe. Umekuwa mwepesi."

Mzee aliuinua mkono kutoka kwenye jostiki, akaushikilia hewani mbele ya uso wake kwenye lile jua lenye vumbi, akaugeuza upande huu na upande ule. Ndege ilikwishaanguka na hakuna aliyeiangalia. Sunny alirudi upande wa vipuri, na mteja aliyekuja kununua plagi alingoja kidogo kabla ya kuhudumiwa.

Siku hiyo Namalwa alimpangia katikati mpya. Jumatatu iliyofuata akapanga nyingine, kwa sababu ile ya wiki iliyotangulia ilikuwa imeshapitwa. Vidole viwili bado vimekunjika, na hospitali hawajaahidi kitu. Lakini mzee amemwambia kwamba kiangazi kikija, ngano ikianza kubadilika rangi, atamwambia Sunny awapeleke wote Mau Narok, Namalwa aone mahali penyewe, akiwa kwa miguu tu, ili siku akipanda ndege asipotee.

Namalwa anasema atakwenda. Kwa sasa anarudisha kifuniko cha jostiki na kukaza skrubu ya mwisho kwa vidole, kwa sababu bisibisi ingeivunja.

"Mteja mwingine nikimtengenezea, naomba asirudi mpaka mwaka uishe," anasema. "Huyu naomba kila Jumatatu aje aniambie imeharibika."