Wawili Waliohesabiwa Kijijini Kwetu

Watafiti walipoingia uani kwangu kuuliza kama kuna mgonjwa wa akili, nilisema hakuna. Mdogo wangu Maduhu alikuwa nyuma ya nyumba, amefungwa kamba mguuni.

Walikuwa wameongozana na mwenyekiti wa kitongoji, Magesa, kaka wa aliyekuwa mume wangu. Maduhu aliporudi kutoka maduara, mashimo ya kuchimba dhahabu, ya Runzewe akiongea peke yake, Magesa ndiye aliyesema ukoo wetu una wazimu. Mume wangu akanirudisha kwetu na sanduku moja. Watoto wakabaki kwao. Mbele ya mtu huyo nisingetamka neno.

Jioni mtafiti mmoja, Suzana, alirudi peke yake kufuata mwavuli aliousahau. Akamsikia Maduhu.

“Mama Mageni, yule ni nani?”

“Mdogo wangu.”

“Mbona ulisema hakuna?”

“Mlikuja na nani?”

Akakaa kwenye kigoda. Akanieleza kwamba kijiji kizima wamepatikana wagonjwa wawili tu, na wiki ijayo wanakaa na maofisa wa wilaya wanaopanga zahanati zipi zipelekewe sindano za wagonjwa wa akili. Kwa wawili, yetu haitapata. Maduhu alitakiwa kuchomwa kila mwezi, na sindano ilikuwa Shinyanga mjini. Mwezi nikikosa nauli, ni kamba.

“Njoo useme mwenyewe,” akasema.

Nilikwenda kwenye kikao hicho, nikakaa na wanakijiji wengine. Ofisa wa afya, Amosi, kijana wa umri wa mwanangu, akaniamkia, kisha akafungua karatasi zake.

“Mama, hapa wameandikwa wawili.”

“Wale wanaolala sokoni. Hao hawana ndugu wa kuwaficha. Sisi wagonjwa wetu tumewaficha.”

“Kwa hiyo mliwadanganya watafiti?”

“Tuliwadanganya. Wewe ungemwambia nani, na shemeji yako amesimama mlangoni?”

Mama mmoja nyuma akasema, “Huyo hata mke wake hamwambii mshahara.” Watu wakacheka. Amosi hakucheka, ila alifunika kalamu.

Suzana akaomba wahesabu upya: wahudumu wa afya wanawake wapite, bila kiongozi yeyote. Amosi akasema maombi ya dawa yanafungwa Ijumaa. Wakabishana mbele yetu, karatasi kwa karatasi, mpaka chai ikapoa. Mwisho Amosi akasema atachelewesha maombi ya kata yetu wiki mbili, lawama ataibeba yeye.

Safari hii alikuja Hosiana, jirani yangu na mhudumu wa afya, na daftari lake chini ya kanga. Nikataja jina la Maduhu, umri, na mwaka alioanza kuugua. Nyumba kwa nyumba wakapatikana kumi na tisa.

Sindano zilifika zahanati mwezi wa tatu. Wanangu hawajarudi, na aliyenifukuza hajaniomba radhi. Maduhu alichomwa jana. Tulikwenda kwa miguu, tukarudi kabla jua halijawa kali, na mchana akapalilia mihogo matuta mawili.