Nyota Moja kwa Yatima wa Nguvumali

Sijapata kumchukia mtu mwenye adabu kama nilivyomchukia yule kijana wa nyota. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatoa shikamoo kwangu na kwa dada yangu, akakataa soda ili asitutie gharama. Kisha akafungua kompyuta yake na kutumaliza.

Dada yangu anaendesha nyumba ya yatima Nguvumali. Mimi ni mhasibu mstaafu wa Ngamiani, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na sijawahi kumshinda kwa lolote, nilipachikwa mahesabu ya nyumba hiyo bila mshahara wala ahsante. Kodi ya pango na ujira wa walezi vililipwa na wafadhili wa mbali, watu wema ambao Tanga hawajawahi kuikanyaga. Lakini wafadhili siku hizi hawatoi hivi hivi. Wanatazama kwanza alama za taasisi ya kijana yule, ambayo kazi yake ni kupekua mahesabu ya vituo, kuona kiasi gani cha fedha kimemfikia mtoto na kiasi gani kimeishia ofisini, kisha kukipa kituo nyota. Ukipata nyota chache, wafadhili wanahama. Wakihama, watoto wanarudishwa kwa wajomba waliokwisha kuwakataa. Nililijua hilo kabla kijana hajakaa vizuri kwenye mkeka.

Akapekua weee, mwisho akainua kichwa.

"Mzee, sioni chakula."

"Kipo jikoni," dada yangu akadakia. "Si umesema umeshiba?"

Hakucheka. Akatueleza, taratibu kama anayeongea na wagonjwa, kwamba matumizi yetu yote ni kodi, walezi, umeme, maji na mlinzi, na kwenye fomu yake hayo yote huitwa utawala. Chakula cha watoto, ambacho kingehesabiwa huduma, hakikuwa na hata risiti moja.

Risiti ingetoka wapi? Mtaa ule, kila nyumba inayopika mchana hupakua kwanza sahani ya yatima, kabla baba mwenye nyumba hajaonja. Inafunikwa kawa, inaletwa, inawekwa barazani kwetu. Aliyeleta hasemi katumwa na nani, na sisi hatuulizi, maana ukiuliza umeiharibu sadaka ya mtu, na yule ambaye wiki hiyo hana cha kuleta umemuumbua. Leo wali wa nazi, kesho bada kwa mchuzi wa papa, na penye hitima huja masinia mpaka tunawagawia majirani. Machungwa huja kwa viroba kutoka Muheza, na anayeyatuma simjui mpaka leo.

"Basi kadirieni," kijana akasema. "Andikeni sahani moja ni shilingi kadhaa, na jina la aliyeitoa. Mimi nitaiingiza."

Nilimtazama dada yangu. Nilitaka akubali, wallahi nilitaka.

"Mwanangu," akamwambia, "siku nitakayokaa barazani na kalamu, kesho yake sahani haziji. Na chakula alichotoa mtu kwa ajili ya Mungu, mimi sikitii bei nikakitangaza kwa watu nisiowajua."

"Dada, ni makadirio tu," nikasema.

"Kakadirie mwenyewe kaburini kwako."

Yakaishia hapo. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia kijana. Ukaidi wake ni wa kurithi kwa baba, na mimi katika mirathi hiyo sikupata kitu.

Tukapewa nyota moja. Kuna kituo kingine hapa mjini kilichopata zote, na nitakisema bila kukitaja jina kwa sababu sina nguvu za kwenda mahakamani. Kile kila mara kina semina hotelini, na semina zote huandikwa mafunzo kwa walengwa. Nilialikwa moja. Niliona watu wazima wakishindilia sambusa kwenye mikoba, na mtoto sikumwona hata wa dawa. Lakini risiti walikuwa nazo, tena zimepangwa vizuri.

Wafadhili wakaondoka, mlezi mmoja akaondoka nyuma yao. Hayo niliyatarajia. Nisilolitarajia ni kwamba alama zetu zingesambazwa kwenye makundi ya wasapu ya mtaa mzima, na maneno chini yake: kituo hiki hutumia karibu fedha zake zote kwa utawala. Wala haukuwa uongo, na hicho ndicho kilichonichoma. Makawa yakaanza kupungua barazani.

Dukani nikakutana na jirani yetu mmoja, mama mtu mzima. Hata salamu yangu hakuisubiri iishe.

"Kumbe mnakula, kaka! Sisi tunahangaika na majiko, nyie mnajilipa."

"Wewe ulikuwa unaleta sahani?"

"Nilicholeta sikisemi."

"Basi hicho usichokisema ndicho kilichotunyima nyota!"

Nilipiga kelele mpaka mwenye duka akatoka nje. Yule mama aliniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, akachukua mkaa wake akaenda zake. Sikumlaumu, ila sijamsamehe pia.

Watoto hatukuwarudisha kwa wajomba; kodi tukailipa wenyewe, na chakula tukaanza kununua. Unga, maharage, mafuta, kwa kiinua mgongo changu na kwa vitu alivyouza dada yangu, pamoja na bangili zake. Kila kitu kwa risiti. Watoto waliozoea wali wa nyumba kumi wakala maharage ya sufuria moja, asubuhi unga huo huo umekuwa uji.

Mwaka uliofuata kijana akatuma ujumbe. Hongereni sana, mzee, sehemu kubwa ya matumizi sasa inawafikia walengwa, mmepanda hadi nyota nne, na wafadhili wameanza kuuliza habari zenu. Nikaenda jikoni kumsomea dada yangu, amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi anachambua maharage.

"Wametusifia nini?" akauliza.

"Kwamba sasa tunawalisha watoto."

Hata siku tuliyomzika mama sikumwona dada yangu akilia. Siku ile alilia, mikono ikiwa bado kwenye ungo.