Kila Mteja Kuponi Moja

Juzi, katika duka moja Rosettenville, nilimwona mwanamke akiwapanga wanawe foleni tofauti, kila mmoja na kuponi yake. Nikaikumbuka siku yangu ya kuponi, nikiwa mtoto.

Sisi tuliishi Bellevue, chumba kimoja. Mchana ule mdogo wangu alikuwa amenyweshwa maji ya sukari tu, na sauti ya kulia ilikuwa imemkauka. Mama alikata gazetini kuponi mbili za maziwa ya kopo, akanipa moja na sarafu zilizolowa jasho la kiganja chake.

"Kila mteja kuponi moja. Humo ndani usiniite mama. Hunijui, umesikia?"

Duka lilinuka soseji na dawa ya sakafu. Nilidhani amenichoka, ananiacha humo.

"Eish, mdogo hivi!" keshia akasema. "Mama yako yuko wapi?"

Mama alikuwa foleni ya pili, uso ameugeuzia ukutani.

"Sina," nikajibu.

Nikapewa kopo.

Nje mama alitangulia bila kugeuka mpaka kwenye roboti, zile taa za barabarani. Hapo akanikumbatia, makopo yakagongana.

"Sasa niite, mwanangu."

Leo najua kule ukutani alikuwa akilia. Siku ile nilitazama tu taa ikigeuka kijani, nisijue kama ruhusa hiyo ilikuwa ya kudumu.