Sarafu Kwenye Roshani

Juzi mjane wa Mjomba Deo, kaka yake mama, alinitumia picha: sarafu kando ya ufa wa saruji, na mguu wa mtoto. Mguu ule ni wangu.

Mjomba alibuni mashine kiwandani, alipenda chesi na habari za nyota, na kamera haikumtoka shingoni. Mchana wa picha ile alikuja kwetu, ghorofani katika mtaa wa Gulfton. Ndani mlinukia ndagala, visamaki vya kukaanga. Nje, kila basi lilipopita, vyuma vya roshani yetu vililia. Alipiga magoti, akaweka sarafu sakafuni, akapiga picha.

Mama alicheka. "Deo, watu wanapiga picha watoto, wewe unapiga saruji?"

Nilidhani anapiga picha sarafu. Nikanyoosha mguu ili nami nitokee.

Hakunifokea. Alisema polepole, "Rudi ndani, mwanangu. Usiruke. Tembea."

"Sorry, Uncle," nikasema. Nilidhani nimemharibia picha. Akaufunga mlango wa roshani kwa waya.

Roshani ilianguka kabla ya giza, nguo zetu zikiwa bado kambani. Sasa najua sarafu ilikuwa ya kupimia upana wa ufa. Na pichani, ufa umeshapita chini ya kisigino changu.