Kidole cha Mwisho cha Cherono

Mwalimu Cherono ana vidole vifupi. Miaka yote aliyoipigia gitaa kwaya ya kanisa lao dogo hapa Amu, kuna sauti moja katika wimbo wa sadaka ambayo kidole chake cha mwisho hakikuwahi kuifikia. Aliiruka tu, wimbo ukaendelea.

Likizo ya Agosti akarudi na gitaa jingine, shingo fupi, kifua kimebinuka kama gamba la kobe, na matundu mawili membamba kama ya fidla. Wanakwaya, ulimi hauna mfupa, wakaliita gitaa la watoto. Lakini nyuzi zilikuwa laini, hatua za vidole zi karibu karibu, na mkono ulitua pasipo kujinyoosha. Jioni hiyo kidole kikaifikia ile sauti, naye akairudia mpaka chai ikapoa.

Jumapili akaipiga kanisani. Kwaya nzima ikakwama.

"Mwalimu, hapo umekosea," akasema Kirimi, kiongozi wao.

"Wimbo ndivyo ulivyo."

"Labda kwenu Kericho. Kwetu Amu hauendi hivyo," akasema Kirimi, mzaliwa wa Meru.

Hasira za Cherono ziko karibu, lakini kicheko kiliziwahi. Akaanza upya, kidole amekikunja.

Kurudi nyumbani akaupiga wimbo wote, dirisha wazi. Bi Fahima, jirani aliyemsikia akifanya mazoezi miaka yote hiyo, akaita kutoka barazani:

"Mwalimu, kumbe wimbo wenyewe hauna kigugumizi."