Kibuyu cha Asali na Mashine ya Ambakisye

Mwaka ule tulikula ulezi wa pombe. Mvua iliozesha mahindi Igowole yote, basi wanawake tukaushusha ulezi kutoka darini, tukausonga ugali mwekundu, na wanaume wakajifunza kunywa maji. Ndio mwaka niliosafiri mpaka ziwani, na sababu ilikuwa jina.

Binti yangu Tamali aliolewa mbali, kwa wafinyanzi wa vyungu wa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Ukinga. Alikuwa amezika watoto wawili, sasa amejifungua wa tatu, msichana. Barua yake ilisema mchungaji atapita Jumapili kubatiza, akishapita harudi mpaka mvua nyingine. Ikasema pia mama mkwe wake, Kisa, ana jina lake tayari. Mimi nilimwahidi mama yangu, anakata roho mikononi mwangu, kwamba jina lake Semkonda halitalala kaburini. Nikamwambia mume wangu, "Yule mfinyanzi anataka kumtia alama mjukuu wangu kama chungu chake."

Nilijaza kibuyu asali, nikakiziba mdomo kwa nta. Nta iliyobaki nikaifunga kwenye pindo la kanga. Kwetu chombo hakiingii njiani mdomo wazi. Hata mtoto wa miaka sita anajua.

Alhamisi alfajiri nilipanda lori la pareto, juu kabisa ya magunia. Ukungu ulikuwa mzito, na harufu ya yale maua makavu inatia kichwa usingizi. Vilima vilikuja, vikapita, vikaja tena, mpaka sikujua kama ni mimi ninayekwenda au ni nchi inavutwa chini yangu kama mkeka.

Mbeya tuliingia jioni. Nililala kwa Bi Zuhura, mke wa muuza nguo, watu wa asili ya pwani, tuliojuana sokoni Iringa. Alinipa chai ya tangawizi akaniuliza kama kweli nitapanda boti ya mashine.

"Nitapanda."

"Basi mshike Mungu, dada. Ubao usiushike, utaondoka nao."

Ijumaa ilikuwa Tukuyu, mvua na migomba, migomba na mvua. Jumamosi tuliteremka kwenye joto mpaka Mwaya, na pale mwisho wa nchi nikaona maji yamelala. Milima ilikuwa imesimama juu, na mingine kichwa chini ndani ya ziwa. Niliitazama ile ya chini zaidi. Ilikuwa mizuri kuliko ya kweli.

Jumapili kabla ya jua tulikuwa botini. Mwenye boti aliitwa Ambakisye, Mnyakyusa mnene wa maneno mengi. Mashine ilining'inia nyuma, na tangi la petroli juu yake kama mtungi kichwani. Alipokwenda kuaga watu wake nilibaki na mizigo. Boti ikatikisika, na tangi likatema tone la petroli kupitia kitundu cha kifuniko chake cha shaba, kidogo kama cha sindano ya gunia, likaangukia mfuko wangu wa unga wa ulezi wa uji wa mzazi. Nikakata nta, nikakiziba kile kitundu, nikalainisha kwa kidole gumba. Kazi safi. Rangi ya nta na ya shaba ni moja.

Tulikwenda vizuri. Mbali, moshi mweusi ulisimama juu ya maji pasipo moto. Ambakisye akasema ni wadudu, wanaliwa. Nikawa nasinzia na macho wazi, nikimwona mama yangu anatembea pembeni ya boti bila kulowa.

Mashine ikakohoa, ikafa.

Ambakisye akafungua plagi, akaikuta kavu. "Petroli haifiki." Akafungua kifuniko, petroli tele. Akafunga, akavuta kamba, ikaunguruma. Baada ya muda wa kumaliza sigara moja ikafa tena. Akapuliza chujio, akapuliza mpira wa kupitishia petroli, akaitukana mashine kwa Kinyakyusa. Ikawaka, ikafa. Jua likapanda.

Mara ya nne alichomoa mpira. Petroli ilidondoka matone matatu ikakatika. Alipofungua kifuniko, tangi likavuta pumzi, fsss, na petroli ikamwagika tele. Mimi nikajua pale pale. Asali haishuki kwenye kibuyu kama hewa haina pa kuingilia. Nilijua, na nikanyamaza. Ikafa mara moja zaidi, mimi nimenyamaza na fahari yangu.

"Bibi, tugeuze," akasema. "Mashine inaumwa. Watabatiza bila wewe."

Nikachomoa kipini cha nywele, nikamkabidhi. "Kwenye kifuniko kuna nta. Itoe."

Alitazama kitundu, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Iombe radhi, Bibi. Nimeitukana bure."

"Siombi radhi kwa chuma."

Haikufa tena. Lakini tulipofika kijijini watu walikuwa wanatoka ibadani, na mtoto kichwa kimelowa. Kisa alikuja mbele, mkono wenye udongo kwenye kucha, akaniwekea mtoto kifuani.

"Tumekungoja mpaka mchungaji akaanza kutazama njia," akasema. "Mimi mkweo sikuwa na budi. Nikasimama mimi, nikataja Semkonda."

"Na jina lako?"

"Tamali aliniambia ulimwahidi marehemu. Langu litangoja."

Siku nne nilikuwa nimemsema yule mwanamke, juu ya magunia, kwa Bi Zuhura, mpaka ziwani. Nilipiga magoti mchangani, mbele ya watu wa kanisa, nikamwomba radhi, nikamweleza na habari ya nta. Akanivuta kwa kwapa niinuke. Kibuyu tulikifungua pamoja.

Nilikaa mwezi mmoja, nikarudi na chungu cha Kisa mapajani. Nilichojifunza ni kidogo: unachokiziba sana hakitoi kitu. Siku ya kuondoka, tulipokuwa katikati ya maji, maji na mbingu rangi moja, mashine inaimba, Ambakisye alikipapasa kifuniko chake.

"Bibi, mkweo umempigia magoti. Na huyu je?"

"Siombi radhi kwa chuma."