Muhuri wa Papa Kasongo

Mwanangu, tangu uliponiambia umepewa kazi ya kuandikisha wazee na walemavu wa mtaa wetu ili serikali iwasaidie, kuna siku moja ya ujana wangu hainitoki kichwani. Nisikilize kidogo. Hiyo simu iweke chini, haitakimbia.

Nilikuwa msichana, karani mpya katika ofisi ya mtaa, hapa hapa Naviundu. Nilikuwa na kiti, meza na muhuri, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Kila mwaka wastaafu walikuja niwagongee muhuri kwenye karatasi ya kuthibitisha kwamba bado wako hai. Bila muhuri huo, pensheni ilikatwa.

Basi akaja Mama Ngoie, jirani yetu wa nyumba ya tatu, na karatasi ya mumewe. Papa Kasongo alikuwa mtu wa reli mpaka behewa lilipomvunja miguu yote miwili.

"Ye mwenyewe iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko ku nyumba. Unajua miguu yake, mama."

"Sheria inasema muntu aonekane. Umulete."

Alinitazama, akakunja karatasi yake, akaondoka. Nami nikajiona nimefanya kazi barabara!

Kesho yake mvua ilinyesha. Mnamo saa nne nikaona foleni yote imegeuka kutazama mlangoni. Mama Ngoie alikuwa anasukuma puspus, kile kigari cha kubebea makaa, na ndani yake ameketi Papa Kasongo, koti la Jumapili limeloa, tai shingoni. Alikuwa amevaa vizuri ili aje kuonekana. Mpaka leo nikiikumbuka ile tai ninaumia.

Hakunigombeza. Aliniuliza polepole, watu wote wakisikia:

"Mutoto wangu, jana asubui ulipita ku mulango yangu, ukanisalimia. Ulisalimia nani?"

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Kweli nilikuwa nimemsalimia, na yeye akanitakia kazi njema. Niligonga ule muhuri, kisha nikaisukuma puspus mwenyewe mpaka kwao, na viatu vyangu vya ofisi kwenye matope.

Sasa magoti yangu nayo yamegoma, na wewe ndiye mwenye kalamu. Ninachokuomba ni hiki: usipomwona mtu kwenye foleni, usiandike kwamba hayupo. Inuka, uende kwake, ukae naye, umwandike. Msaada ule si zawadi yako, ni haki yake, na mtu unayemjua usimlazimishe kuaibika ndipo umhesabu kuwa mtu.

Mungu aipe miguu yako nguvu ya kufika kwenye milango ya wasioweza kutembea. Na zamu yako ya kukaa ndani ikifika, mwanangu, akuletee mtu wa kubisha hodi.